Chiriku Amenyamaza

Binti yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, mumeo na pacha wetu. Mgongo unaendeleaje? Nilikusihi uinue kiti cha cherehani, ila najua wateja hawakupi nafasi. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yananitangazia mvua kabla ya redio.

Watu wengi wenye watoto wawili hukosea jambo moja: hudhani waliolala tumbo moja wamepewa mwili mmoja. Na wewe umo, mwanangu. Tangu wazaliwe unawakatia nguo kwenye jora moja, unawapimia maziwa kwa kikombe kimoja, na ukimkemea mmoja, mwenzake naye anapata fungu lake. Nilikuwa nacheka. Hata daktari alipowaandikia wote wawili dawa ya kuwasaidia kutulia na kufuatilia masomo, sikushtuka.

Jana jioni, walipokwisha kurudi kutoka kwangu, ulinipigia simu kwa furaha. Ulisema Kishada sasa anamaliza hesabu zake bila kukimbilia dirishani, na dada yake, Chiriku, katulia hadi mwalimu amemsifu. Ukasema mkienda kliniki keshokutwa utamwomba daktari awaongezee dawa wote wawili, ili mmoja asibaki nyuma. Tangu hapo usingizi umenipaa.

Nivumilie nieleze kidogo. Ualimu wa baiolojia haustaafu mdomoni. Dawa hii huongeza kwenye ubongo kemikali ambazo seli hutumia kupelekeana habari. Jeni, yaani maelekezo tunayorithi kwa baba na mama, huchangia kuamua seli zitazipokea vipi kemikali hizo na kuzifyonza upesi kiasi gani. Pacha wako hawakutoka yai moja. Kila mmoja amechota kwako na kwa mumeo kivyake, kama ndugu wengine wowote. Watafiti waliopiga picha za ubongo za watoto wanaotumia dawa za aina hii wameona tofauti zinazoendana na urithi wao. Lakini hawajafika mahali pa kupima damu na kusema kwa hakika huyu apewe hiki, yule kile. Daktari bado hutegemea macho na masikio ya mzazi, na masikio yako yameambiwa nusu tu.

Wewe mwenyewe ni fundi. Yule mteja aliyetaka gauni la dada yake likatwe kwa vipimo vyake yeye, si ulimrudisha akamlete mwenye mwili?

Sasa nikuambie nilichokuficha kwenye simu. Jana mchana Kishada alikuwa uani, Chiriku amekaa nami jikoni tukimenya vitunguu. Mtoto ambaye zamani ilibidi tumwombe apumue katikati ya maneno, hakusema kitu. Chakula chake kilirudi kama kilivyokwenda. Nilipomdadisi, akaniambia moyo unamwendea mbio kama cherehani ya mama, na kwamba maneno anayo, ila anayaona yako mbali. Nikamuuliza kwa nini hajakuambia. Akajibu kwamba mama amefurahi, na yeye akisema dawa haimfai, Kishada naye atanyang'anywa yake, maana kwao kila kitu ni viwili viwili. Akaniapisha nisiseme.

Niliapa, na sasa nimevunja. Ataninunia, na ana haki. Heri aninunie akiwa mzima.

Sikulaumu, mwanangu. Ulitaka kutenda haki, nami nilikuwa wa kwanza kukusifu kwa hilo. Barua hii nampa kaka yako akuletee mkononi, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia. Mpe mumeo salamu zangu. Kishada mwambie dawa yake haina ugomvi na mtu. Chiriku mwambie bibi anamngoja jikoni, anune akiwa hapo hapo.

Kunijibu kutasubiri. Leo, kabla Chiriku hajapewa kidonge kingine, mpigie daktari umweleze habari za moyo wake.

Mama yako