Mayai Mawili na Kopo la Glukosi

Jumatatu, 8 Mei 1995

Mayai mawili yamechemka. Moja nimekula, la pili nimelifunga kwenye karatasi na chumvi kidogo. La saa nne, ofisini. Wiki ya sita leo. Chai bila sukari bado inanishinda, naimeza kama dawa.

Gauni la kijani limekuwa kubwa. Nimelibana kiunoni kwa pini.

Magoti ndiyo yaliyonifikisha hapa. Kilo tisini na mbili. Kutoka nyumbani hadi ofisini ninapopiga taipu, nilikuwa nasimama kupumzika mara tatu. Ndipo mwalimu wa lishe akaja kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Ugali uwe saizi ya ngumi. Mafuta kidogo. Sukari acheni. Mayai, maharagwe, ndengu, samaki, maziwa lala, kwa sababu vinashibisha na kukaa tumboni. Wenzangu walicheka. Mimi niliandika.

Jumatano, 10 Mei

Saa nne. Mama Sharon, karani ninayetumia naye meza moja, mandazi matatu. Mimi njugu, ngumi moja. Jana ilikuwa ndengu za kuchemsha, limau na pilipili. Kesho samaki mkavu. Nimejipangia.

Sina njaa. Hilo ni kweli. Lakini nimechoka. Na jagi la maji la ofisi nimelimaliza peke yangu kabla ya saa sita. Joto, nadhani. Lodwar nani hana kiu?

Jumamosi, 13 Mei

Sokoni. Muuza samaki hakunitambua mpaka nilipomsalimu. Nilifurahi. Nilipofika nyumbani nikajitazama kwenye kioo, furaha ikapungua. Shingo imekuwa nyembamba. Uso si wangu. Nilitaka kupungua, nimepungua, sasa mbona sipendi ninachoona?

Nimemwambia Mama Sharon kuhusu uchovu. Amesema nguvu zimeisha mwilini, ninywe glukosi. Ameniletea kopo. Mwalimu alikataza sukari, lakini hii inauzwa duka la dawa. Basi ni dawa. Au si dawa? Nimekunywa vijiko vinne kwenye maji. Tamu. Nimepata nafuu kidogo. Nadhani.

Jumamosi, 20 Mei. Kakuma

Nimekuja kwa mume wangu, Baba Akiru. Anatunza stoo ya mahindi hapa, nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi. Mwezi huu hakuja, nikapanda lori la simenti linaloelekea Lokichoggio.

Aliponiona aliniuliza kama kuna msiba.

Mchana alinipeleka stoo. Nilipanda kwenye mizani ya magunia, kwa utani tu. Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasema, "Mama hajafika gunia!" Baba Akiru alisukuma kile chuma cha mizani kushoto, kushoto, kushoto. Kikatulia kwenye sabini na nane. Yeye hakucheka. Alinishika mkono nishuke kama mtu anayemshusha mgonjwa.

Kilo kumi na nne kwa wiki zisizofika saba. Nilidhani atanisifu.

Jumapili, 21 Mei. Kakuma

Nyandeng anauza njugu na simsim mbele ya stoo. Ni mkimbizi kutoka Sudan, mwanamke mrefu, mpole. Nilinunua njugu za kusaga, nzuri ajabu, unazilamba tu kwa kijiko. Alinitazama sana.

"Dada, nyama yako imekwenda wapi?" akaniuliza. "Sisi huko njia tulitembea, watu walikuwa naisha hivi. Lakini sisi chakula hapana. Wewe nakula."

Ninakula, ndiyo. Ninakula vyakula vya kujenga mwili, na mwili unabomoka.

Nilipomuuliza kama mume wangu huwa na wageni, alinielewa upesi. Akasema yule mzee anakula peke yake, analala peke yake, hata mazungumzo hana. Nimemwamini. Baadaye nikaacha kumwamini. Halafu nikamwamini tena.

Ijumaa, 26 Mei

Nyumbani. Kopo la pili la glukosi.

Asubuhi yai, saa nne njugu, mchana maharagwe na sukuma, jioni maziwa lala. Sijavunja hata siku moja. Kiu haiishi. Usiku naamka kwenda haja mara nne. Kwenye karatasi za taipu herufi zinaungana, bosi amenirudishia barua mbili.

Sisimizi wamejaa chooni. Nimewamwagia majivu.

Jumapili, 4 Juni

Baada ya ibada wamekuja akina mama watano kuniombea. Sikuwaita. Walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakalia. Mmoja aliomba Mungu awalinde watoto wangu "watakapobaki." Nina mtoto mmoja, Akiru, yuko shule ya bweni. Abaki wapi?

Nilikaa nimeinamisha kichwa. Nikaelewa.

Wanadhani nina ukimwi.

Jumatano, 7 Juni

Kikombe changu cha ofisini kimetengwa. Kiko peke yake dirishani, kimefunikwa na sahani. Mama Sharon hakuniangalia. Huyo huyo aliyeniletea glukosi.

Nilikunywa maji kwa kikombe hicho. Kwanza hasira. Kisha nikawaza, na kama ni kweli? Dereva wa wizara, aliyekuwa mnene kuliko mimi, aliisha hivi hivi mwaka juzi. Naye alisema amepunguza nyama. Je, mimi nimepungua kwa sababu ya mayai, au mayai yamekuwa kisingizio? Sijui. Sijui kabisa. Mimi sijatoka nje ya ndoa. Basi ni yeye. Lakini yeye anakula peke yake. Lakini nani amelala huko akaona?

Leo nimekula mkate mzima na chai yenye sukari vijiko vitatu. Nataka kilo zirudi. Zirudi watu waninyamazie.

Jumatatu, 12 Juni

Nimepima dukani, kwenye mizani ya kupimia ngozi za mbuzi. Sabini na tatu. Nimekula mkate siku tano mfululizo na bado nimepungua.

Naogopa.

Jumanne, 13 Juni

Baba Akiru ametokea ghafla, katikati ya wiki. Habari zimemfikia Kakuma. Hakuketi.

"Niambie ukweli, Mama Akiru. Nani alikuwa anakuja hapa?"

Nikamwambia hapa haji mtu, anayekaa mbali ni yeye, barabara ya malori iko kwake. Akasema, "Mimi?" Nikasema, "Ndiyo, wewe." Tukapiga kelele mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Nikatupa sufuria ya maharagwe. Miaka kumi na sita ya ndoa, sijawahi kutupa chakula.

Kisha akaketi chini, palepale kwenye maharagwe. Akasema ameshawaza yote njiani. Kama ni yeye, amenichinja. Kama ni mimi, bado mtoto ni wetu. Akasema, "Twende tupime wote wawili. Nimechoka kuwaza."

Nilimwonea huruma. Pia nilimchukia. Vyote kwa pamoja, sijui vinakaaje ndani ya mtu mmoja.

Jumatano, 14 Juni

Hospitali. Wametutoa damu. Majibu baada ya wiki mbili.

Daktari ni kijana mwenye sauti ya chini. Hakuuliza nani kalala na nani. Aliuliza kuhusu kiu. Aliuliza naamka mara ngapi usiku. Macho. Akauliza, "Mama, pale unapokojoa, sisimizi wanakusanyika?"

Nilimtazama kama mganga. Amejuaje?

Akanipa kichupa, nikaenda nikarudi. Akachovya kijikaratasi, rangi ikabadilika. Sukari. Nyingi sana. Ugonjwa wa kisukari. Akasema hiyo peke yake inatosha kunikausha hivi, chakula kinapita mwilini bila kuingia. Ile damu nyingine tuisubiri, lakini nisijizike.

Nikamwonyesha daftari la vyakula vyangu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mayai sawa. Ndengu sawa. Samaki sawa. Njugu sawa, nisizidishe. Alipofika kwenye glukosi akaweka kalamu chini.

"Hii ulikunywa kiasi gani?"

"Makopo matatu, daktari."

Baba Akiru alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Vidonge, asubuhi na jioni. Glukosi mwisho leo. Nikamuuliza, basi nilikosea wapi, ni kula vizuri ndiko kulikoniletea ugonjwa? Akasema hapana, ugonjwa huenda ulikuwepo tangu nilipokuwa mnene, kimya kimya. Chakula changu kilikuwa upande wangu. Kopo lilikuwa upande wa ugonjwa.

Nimeelewa maneno yote. Bado sielewi.

Jumamosi, 17 Juni

Mama mkwe amefika kutoka Kaaleng. Mwanawe alimpelekea habari kabla hatujapima, kwamba mkewe anakufa. Amekuja na debe dogo la nyirinyiri, nyama kavu iliyolowa mafuta ya mbuzi. Tangu niolewe alijivunia unene wangu, alikuwa akiniashiria kwa wenzake: tazameni, kwetu haliliwi jani.

"Ejok," nikamsalimu. Alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, vidole vyake vikazunguka vikakutana. Akanikalisha, akanitolea nyama kwa mkono wake, mafuta yanachuruzika.

Kumkatalia siwezi. Kula vile siwezi. Nimechukua vipande viwili, nikavikamua pembeni ya sahani, nikatafuna taratibu. Aliona nikikamua. Alinuna mpaka jioni.

Jumatano, 21 Juni

Kiu imepungua. Jana niliamka mara moja tu. Macho bado.

Baba Akiru ameomba ruhusa kazini. Ananichemshia ndengu, hazivi sawasawa, nazila. Hatujagusana. Tunangoja karatasi. Anapika vizuri kuliko anavyozungumza, na ndengu zenyewe ni mbichi.

Jumatano, 28 Juni

Hatuna. Yeye hana, mimi sina.

Nilicheka mbele ya daktari. Nimefurahi kuwa na ugonjwa usiopona. Nani anafurahia kitu kama hicho? Nilitoka nje nikalia, sijui nilikuwa nalilia nini hasa. Baba Akiru alisimama akinikinga jua kwa ile bahasha ya majibu. Akasema, "Nisamehe lile swali." Nikamwambia na mimi lile jibu.

Kilo sabini na mbili. Nikae hapo hapo, kasema daktari.

Ijumaa, 30 Juni

Nimerudi kazini. Nilimwambia Mama Sharon ni sukari. Akasema "Aa, pole," haraka haraka, akaniletea chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Ilikuwa na sukari. Sikuinywa. Akadhani nimekasirika. Labda nimekasirika.

Jumapili, 2 Julai

Leo nimemweleza mama mkwe, polepole, kwa Kiturkana. Sikupata neno la ugonjwa huu. Nikasema utamu umejaa kwenye damu, unanila. Alisikiliza. Akauliza kama maziwa naruhusiwa. Naruhusiwa. Mbuzi? Naruhusiwa, bila mafuta. Akatikisa kichwa kwa mafuta. Kisha akauliza kama nitakufa. Nikamwambia si sasa.

Mchana nikampikia chai anavyoipenda yeye, nyeupe, sukari hadi kijiko kisimame. Mimi nikachukua bakuli langu la maharagwe. Tukaketi kivulini nje ya mlango. Alishika kikombe chake muda mrefu bila kunywa. Halafu akageuza kigoda, akanipa mgongo nisiutamani utamu wake, akanywa akitazama ua.

Alipomaliza akafuta midomo, akageuka tena upande wangu. Tukaendelea kuzungumza habari za mbuzi.