Jaketi za Wageni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Teresia Wambeti Nyamu
Umri: Miaka 36
Kazi: Kukaanga na kuuza samaki, anajifunza uvuvi
Makao: Kiambere, karibu na soko. Kwao ni Karurumo.
Tarehe na saa ya kuandikwa: Jumatatu, 21 Julai 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi
Anayeandika: Konstebo Nelius Kaari

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Nyumbani tunaongea Kimbeere, lakini nimeomba kueleza kwa Kiswahili ili asitokee mtu baadaye kusema maneno yangu yalitafsiriwa vibaya.

Nimekaanga samaki hapa Kiambere, kando ya bwawa, kwa miaka tisa. Samaki hao huvuliwa na wanaume wa kikundi cha wavuvi, ambacho mwenyekiti wake ni Oscar Runji. Mwezi wa tano nilimwendea Mzee Kathuri, mvuvi wa umri wa miaka sitini na tatu, nikamwambia nataka kujifunza kuvua mwenyewe. Wengine walicheka. Yeye aliniuliza tu, "Unajua kuogelea, Mama Tabby?" Nikamwambia kidogo. Akasema, "Basi tutaanza na kukaa."

Mnamo tarehe 2 Juni 2025 nilianza. Naeleza niliyofundishwa kwa sababu kuna mtu anasema mimi ndiye niliyepindua boti ya mzee.

Mzee Kathuri hakuwa akitumia wavu. Alikuwa akikokota ndoano. Unapiga kasia polepole, na nyuma ya boti unaburuta uzi mrefu wa nailoni wenye risasi ya kuuzamisha, na mwisho wake kuna kijiko cha chuma kilichokatwa mkia na kufungwa ndoano. Kijiko kinatakiwa kiyumbe kama samaki mgonjwa. Ukipiga kasia kwa haraka kinazunguka kama kichaa, ukichelewa kinalala kwenye matope. Wiki mbili za kwanza nilivua majani tu. Mzee aliniambia niweke uzi juu ya kidole cha shahada, nisikie kijiko kikitetemeka. Kikinyamaza, kimeshika majani, nikivute nikisafishe. Aliniambia msimu huu wa baridi kambare wakubwa hushuka chini na hawataki kukimbia mbali, kwa hivyo tuteremshe uzi pima kumi na mbili na tupite mbele ya midomo yao kwa upole.

Jambo alilorudia kila siku ni hili: "Usisimame. Samaki hamtoi mtu kwa boti. Mtu hujitoa mwenyewe." Kwa wiki sita sikusimama ndani ya ile boti hata mara moja. Hata nyoka wa maji alipopita, sikusimama.

Mnamo Jumatano tarehe 9 Julai, gari lilileta jaketi kumi na mbili za kuelea, mpya, rangi ya machungwa, kila moja ndani ya nailoni. Ni wafadhili walioleta. Mwenyekiti alizifungia stoo akasema zitatolewa rasmi Ijumaa tarehe 18, wageni wakija. Siku ya Jumatatu tarehe 14 aliamuru ufuo usafishwe. Ile mitungi ya plastiki tuliyokuwa tukifunga ndani ya boti ili itusaidie kuelea, alisema ni takataka. Ilikusanywa ikachomwa. Mimi mwenyewe nilinusa moshi wake nikiwa sokoni.

Mnamo Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifika ufuoni. Kulikuwa na ukungu. Mzee Kathuri alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na mwenyekiti. Nilikuwa umbali wa hatua kama nne. Nilisikia hivi:

Mzee alisema, "Mwenyekiti, tupatie mbili tu. Mitungi umechoma. Saa sita tutakuwa tumezirudisha."

Mwenyekiti akajibu, "Wageni wanakuja Ijumaa. Zikipata matope nitapiga picha na nini?"

"Tutaziosha."

"Mzee, umevua miaka arobaini bila jaketi. Leo ndio maji yamekuwa mageni kwako?"

Mzee Kathuri aliniangalia akasema labda tungoje Ijumaa ipite. Mimi nikamwambia, "Twende tu, mzee, maji yametulia." Hayo ni maneno yangu. Nimeomba yaandikwe kama nilivyoyasema, maana sitaki kuficha langu halafu nidai la mwingine.

Tuliondoka kama saa moja kasorobo. Mzee alipiga kasia, mimi nilishika nyuzi mbili. Saa tatu kasoro dakika ishirini mtetemo wa uzi wa kulia ulikatika, halafu uzi ukavutwa chini kwa nguvu. Nilikaa. Nilimwacha samaki aende, nikamrudisha, nikamwacha tena, mpaka akachoka. Mzee alimtia kulabu akamwingiza botini. Alikuwa kambare mrefu kama mkono wangu mzima. Mzee alicheka sana, akaniita kwa jina langu la nyumbani kwa mara ya kwanza. Alisema, "Wambeti, sasa hakuna wa kukuuzia. Wewe ni mvuvi."

Saa nne hivi upepo ulianza upande wa ukuta wa bwawa. Mzee aliniambia nikunje nyuzi. Nilizikunja zote mbili kwenye vibao na kuchomeka ndoano. Samaki alikuwa ndani ya ndoo. Tuligeuka kurudi. Boti ilipopinduka hakukuwa na uzi hata mmoja majini na hakukuwa na mtu aliyesimama. Wimbi liliingia kwa nyuma, la pili likaingia kabla sijachota maji ya la kwanza, la tatu likatulaza.

Tulishika boti, ambayo ilikuwa imeelea kifudifudi. Mzee alinisukuma nikapanda kifua juu ya mbao. Yeye alibaki majini akishika ubavu, kwa sababu tukipanda wote ilikuwa inazama. Maji yalikuwa baridi sana. Tuliita watu. Ukungu ulikuwa umeondoka na nilikuwa ninaona ufuo wote. Niliona hata paa la stoo.

Sijui tulikaa muda gani. Simu yangu ilizama. Mzee alikuwa akiniongelesha, nishike wapi, nipumue vipi. Baadaye nilikuwa mimi ninayeongea na yeye anajibu "ee" tu. Nilimshika shati kwenye kola. Vidole vyangu vilikuwa havifungiki. Aliniambia kwa Kimbeere nimwachie, nishike boti kwa mikono miwili. Sikumwachia. Shati lilivuka kichwani mwake, nikabaki nalo mkononi.

(Shahidi aliomba maji. Aliendelea baada ya dakika saba.)

Mugendi, ambaye pia ni mvuvi, alinifikia na boti yake karibu saa sita. Alinifikisha ufuoni akanifunika gunia. Watu walianza kukimbilia maji kumtafuta mzee. Mimi nilikuwa nimelala kando ya stoo, na kila mtu alidhani nimezirai. Sikuwa nimezirai.

Nilimwona Oscar Runji akifungua kufuli. Alitoka na jaketi mbili. Alirarua nailoni kwa meno. Aliingia majini mpaka magotini, akazichovya, akazikanyaga kwenye matope, akazitupa pale boti yetu ilipokuwa imevutwa ufuoni. Yale matope aliyotunyima asubuhi, mchana aliyatafuta mwenyewe kwa mguu wake.

Nilisema, "Runji, nakuona." Aligeuka. Akasema, "Mama, baridi imekuingia kichwani. Pumzika."

Kisha akawaambia watu kwa sauti kubwa kwamba alitupatia jaketi, tukazivua tukiwa botini kwa sababu ya joto, na kwamba mimi, kwa kuwa ni mwanafunzi, nilisimama kuvuta samaki. Joto! Mwezi wa saba! Nilikuwa nimevaa sweta mbili, na sweta hizo nimezileta hapa.

Nilimuuliza Mugendi kama aliona. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Runji alipozikanyaga zile jaketi. Aliangalia chini akaniambia, "Mama Tabby, mimi nimeahidiwa boti mpya na mwenyekiti." Nilikosa tusi la kutosha.

Mzee Kathuri alipatikana Alhamisi tarehe 17, saa mbili asubuhi, kwenye matete. Ijumaa wageni hawakuja, lakini mwenyekiti alienda kwa mjane, Mama Wamuyu, na karatasi iliyopigwa chapa. Mama Wamuyu hasomi vizuri. Jioni hiyo aliniletea. Nilimsomea. Inasema familia inakubali kwamba marehemu alivua vifaa vya usalama kwa hiari yake na haina malalamiko. Chini kuna nafasi ya kidole gumba.

Mama Wamuyu aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akasema, "Kumbe wanataka niseme mume wangu alijiua kwa ujinga." Akaikunja akanipa. Hakuweka kidole. Naitoa kama kielelezo.

Watu wananiambia pole na wananiambia ni kazi ya Mungu. Mimi huenda kanisani. Mungu hakushika ufunguo wa ile stoo. Sina hasira na maji, wala na upepo. Nina hasira na mtu aliyehesabu picha kwanza na watu baadaye, kisha akataka maiti imbebee uongo.

Niliyoona kwa macho na kusikia kwa masikio ni hayo. Nimesomewa, sikuongeza kitu na sikubembelezwa kupunguza.

Sahihi: T. W. Nyamu

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya kama yalivyotamkwa na shahidi na kumsomea yote. Alikuwa timamu. Nimepokea sweta mbili, shati moja la marehemu na karatasi moja iliyopigwa chapa, isiyo na sahihi wala alama ya kidole. Katika rasimu yangu niliandika "mvuvi mmoja amefariki." Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka nilipofuta na kuandika jina kamili: Jeremano Kathuri Njoka.

Saa saba na dakika ishirini mchana, shahidi akiwa bado ameketi kwenye benchi la nje, Mugendi alifika kituoni kwa miguu. Alisema anataka kuandikisha maelezo. Shahidi alisogea akampa nafasi.

Konstebo Nelius Kaari