Ndefu, Fupi na Ile Yenye Miguu

Jumapili, 3 Mei 1987

Leo mkutano wa hadhara mjini Glarus. Nimesimama uwanjani kwa saa tatu na mvua juu. Miaka themanini na moja, na vijana ndio waliotafuta pa kuegemea.

Baadaye mgahawani, soseji ya ndama na plamu kama desturi. Hapo ndipo mdomo umeniponza. Jost, katibu wa chama chetu cha shabaha, kaniambia mbele ya meza nzima: Mzee Melk, mwaka huu uje na bunduki yenye miguu, la sivyo uje na mbwa wa kukuongoza. Wakacheka. Nikapiga meza. Nikasema nakuja na Ndefu, ile ile niliyopewa jeshini mwaka ishirini na sita, na nikikosa shada, bunduki zangu mkazitundike ukutani chamani.

Ukutani pale hutundikwa bunduki za marehemu tu.

Siku yenyewe ya mashindano ni tarehe 31. Risasi kumi na nane, mita mia tatu. Mzee wa rika langu akifika pointi hamsini na nne anavishwa beji ya shada. Beji hizo ninazo hamsini na nane. Bonde zima hakuna wa kunifikia. Rafiki yangu Balz angekuwepo angenikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Lakini Balz yuko hospitali, mapafu.

Jumatano, 6 Mei

Bunduki tatu juu ya meza ya jikoni. Afra kalalamika, anataka kukanda unga. Nikamwambia binti yangu, unga utangoja.

Ndefu. Mbele ina kijino, nyuma ina pengo. Unaweka kijino ndani ya pengo, chini ya doa jeusi la shabaha, unafyatua. Mtoto anaweza. Leo nimelenga saa ya kanisa kupitia dirishani, tupu bila risasi. Kijino kikawa unywele. Halafu moshi. Halafu hakuna kijino.

Fupi, ya marehemu kaka yangu. Vivyo hivyo, mbaya zaidi.

Ya tatu ni ya Heiri, mume wa Afra. Ina miguu miwili ya kujishikilia chini na tundu la kuchungulia. Miaka thelathini naiita bibi wa mikongojo. Sikuigusa.

Afra anasema ni mtoto wa jicho, daktari kasema dakika ishirini tu. Nimemwambia hakuna atakayeingiza kisu jichoni mwangu nikiwa macho. Akasema, basi wakuingizie umelala, Baba. Mdomo kama wa mama yake.

Naandika kwa chaki nene ya kuwekea ng'ombe alama. Kalamu ya kawaida siioni tena. Hilo hajui mtu.

Jumamosi, 9 Mei

Mazoezi. Mimi nafasi ya tatu na Ndefu, mahali pangu tangu kabla ya vita. Heiri kalala nafasi ya nne, ya Balz. Risasi sita kila mmoja.

Heiri kanivuta nyuma ya kibanda. Kasema polepole, kama anayeongea na ng'ombe mgonjwa. Baba, mimi nimepiga sita. Shabaha yangu ina matundu tisa. Yako ina matatu.

Nikamwambia wale wa shimoni wanaohesabu matundu wamelewa.

Hawajalewa. Nimepiga shabaha ya jirani. Kosa la kuruta! Jeshini ukifanya hivyo unasafisha masufuria wiki nzima. Tatu na nne ziko pamoja kule ng'ambo, vidoa viwili vyeupe, na kwangu vinaelea, vinapishana. Namba zake sizioni kabisa.

Heiri kaapa hatasema. Ni mtu mzuri, sijawahi kumwambia.

Lakini kuna jambo linanila. Mwaka jana nilipata pointi hamsini na nane. Na jicho lilikuwa hivi hivi. Nilipataje?

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda hospitali kwa basi. Nimempelekea Balz jibini letu la kijani, muuguzi kafungua dirisha kwa harufu. Balz kawa mdogo. Shingo kama ya kuku.

Nikamuuliza. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikadhani namzika pale pale.

Kasema hivi. Mwaka juzi, themanini na tano, alikuwa bado hajafyatua, na shimoni wakamwonyesha amepata nne. Akajua ni mimi. Basi akageuza bunduki akapiga shabaha yangu. Mpaka mwisho. Mwaka jana tena. Mimi napiga yake, yeye anapiga yangu, mstari mzima unanguruma, nani atajua?

Nikamwambia, Balz, kwa hiyo mashada mawili ya mwisho ni yako.

Akasema, sasa ningefanya nini, nikuache ulie mbele ya Jost? Unajua ukinuna wewe bonde zima linanuna.

Niliporudi kwenye basi ndipo nikang'amua. Mwaka jana Balz aliandikiwa arobaini na tisa. Hakupata shada. Na mimi nilimcheka majira yote ya baridi, mgahawani, mbele za watu. Balz siku hizi anapiga kama mke wa mchungaji. Nilisema hivyo. Kila Jumapili. Naye alikuwa anatabasamu, anakunywa bia yake.

Zile arobaini na tisa zilikuwa zangu.

Jumapili, 17 Mei

Wote wameenda kanisani. Nimeichukua ile ya Heiri nikapanda nayo darini kwenye nyasi kavu. Nimelala chini, miguu yake imeshika ubao, nimechungulia tunduni.

Nimeona. Sijui tundu lile lina nini. Ng'ambo ya mto, kwenye ghala la kina Marti, nimeona ufunguo umening'inia mlangoni. Miaka mitatu sijaona kitu cha hivyo.

Nimelala pale mpaka kengele ya kutoka kanisani. Nimetokwa na machozi, vumbi la nyasi.

Kwa hiyo napata shada kwa bibi wa mikongojo. Kwa haki yangu. Lakini nilisema Ndefu, mezani, mkono juu. Mtu akimeza neno lake mbele ya Jost, amebaki nini? Na nikienda na Ndefu, napiga ovyo, naenda ukutani na marehemu.

Fupi nimeirudisha kabatini. Hiyo haisaidii mtu.

Jumanne, 26 Mei

Hanni, mke wa Balz, kapiga simu. Analia. Balz katoka hospitali jana na anasema Jumapili atalala nafasi ya nne, na atakayemzuia, yeye atamtupa nje pamoja na kitanda. Daktari kamwambia moshi wa baruti siku nzima utamuua. Hanni kamwambia Afra: mwambie baba yako amkataze, mume wangu hanisikii mimi, anasema Melk hawezi peke yake.

Nilichukua simu nikamwambia Balz abaki nyumbani. Akauliza: unakuja na ipi? Nikamuuliza kikohozi kikoje. Akasema, basi nakuja.

Jumamosi, 30 Mei

Nimesafisha zote mbili. Ndefu kwa kitambaa cha harusi ya mama yake Afra, kama kila mwaka. Ile nyingine kwa kitambaa cha kawaida, halafu nikaona aibu, nikarudia kwa kile cha harusi.

Heiri kauliza apakie ipi garini. Nikamwambia zote. Akasema chama kinaruhusu moja tu kuandikishwa, Baba. Nikamwambia nazijua kanuni tangu kabla hujazaliwa, pakia zote.

Sikuweza kula tambi za Afra.

Jumapili, 31 Mei

Nimekaa kwenye benchi nyuma ya mstari. Ndefu iko magotini, daftari juu yake. Heiri kasimama kando na ile nyingine, miguu imeshafunguliwa.

Balz yuko pale nafasi ya nne. Kalala kifudifudi, mto chini ya kifua, Hanni kachuchumaa nyuma yake na mkoba wa dawa. Anakohoa, mgongo unaruka. Kofia yake ya beji iko pembeni, mbili zimepungua. Najua zilipo. Ziko kwenye kofia yangu.

Jost kaja na karatasi. Kasema: Mzee unaandika wosia? Nafasi ya tatu kama kawaida, niandike bunduki gani?

Nimemwambia: si ya tatu. Niandike ya kwanza, ya ukingoni. Ukingo nauona, sitapiga shabaha ya mtu. Jost kanitazama. Kasema, Mzee, ukingoni tunaweka wasioona. Nikamwambia, ndiyo.

Hakucheka. Kaandika. Sasa anangoja bunduki, kalamu juu ya karatasi.

Balz hajasikia. Amegeuza kichwa, ananitafuta, anapigapiga mkeka wa nafasi ya tatu kwa kiganja. Njoo ulale. Kiganja kile nakiona vizuri.