Sanamaki Niliyokunywesha

Baba yangu mpenzi,

Tangu tukuzike nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka. Woga, baba. Mimi bintiyo nisiyeishiwa na maneno, hili moja limenishinda.

Wakumbuka mwanzoni mwa miaka ya tisini, ulipoanza kukohoa? Ulisema ni vumbi la usufi, maana fundi wa magodoro hakosi kikohozi. Daktari akasema ni kifua kikuu, akakupa vidonge vya kumeza miezi mingi bila kuruka siku. Vikakuchafua tumbo. Kila asubuhi ulivimeza mbele yangu umekunja uso.

"Dawa ya kifua yaniua tumbo, mwanangu," ulisema. "Siku moja n'tavitupa baharini."

Niliogopa utavitupa kweli. Shaabani ilikuwa yaisha, na mtaa wetu wa Kibokoni wote ulichemsha majani ya sanamaki, watu waharishe wasafishe matumbo kabla ya kufunga. Nikajiambia, tumbo likisafika dawa itakaa, na makohozi yatashuka. Nikakuchemshia kikombe, nikatia sukari na tangawizi, nikakwambia ni chai. Ukanishukuru! Kesho yake nikakupa tena, na siku ya tatu pia.

Siku ya nne hukuweza kusimama. Uliharisha hadi midomo ikapasuka, vidonge vikatoka jinsi vilivyoingia, na kikohozi kikarudi na damu. Kwenye teksi nilikushika mkono nikimwomba Mungu nisiwe mimi niliyekuua.

Daktari alifoka. "Huyu kapewa nini? Tumbo lisiposhika chakula wala dawa, mapafu yatapona kwa lipi?"

Nilifungua mdomo. Ukanitangulia, na pumzi huna: "Nalikunywa sanamaki mwenyewe, daktari. Ukaidi wa uzee."

Kumbe ulijua. Sijui tangu kikombe cha ngapi. Ulipona, ukaishi miaka, hukunitajia hata kwa mzaha, nami nikanyamaza kwa raha zangu. Hilo laniuma kuliko sanamaki yenyewe.

Ndugu zangu husimulia jinsi ukaidi wako ulivyotaka kukuua, na jinsi mimi nilivyokuokoa. Jana, baada ya khitma yako, walikirudia kisa hicho mbele ya jamaa sebuleni. Nikasimama, nikawaambia: baba hakuwa mkaidi, mimi ndiye niliyempa sanamaki.

Mdogo wangu hajanisemesha mpaka sasa.

Nisamehe, baba, na Mungu akulaze pema.

Bintiyo, uliyemsitiri