Kamba Zangu Si za Kuanikia Nguo

Baba watoto, na nyinyi wanangu,

Maharage yako kwenye friji, mpashe tu. Mkimaliza mfunge gesi. Sare za shule zimetapakaa kwenye viti, bado mbichi, kwa sababu asubuhi nimezikuta zimeanikwa kwenye kamba za bembea yangu ya kulalia, ile ninayokwenda nayo msituni. Mwezi mzima nawaambia safari ni leo. Mwezi mzima mnaitikia "sawa Mama" bila kuinua macho.

Nimechoka, jamani. ~~Sijakasirika.~~ Haya, nimekasirika kidogo. Baba watoto, umeniona nimebeba begi ukacheka, eti nitarudi kabla chai haijapoa. Halafu ukauliza pasi iko wapi. Iko juu ya kabati, pale pale siku zote.

Naenda peke yangu. Nitafunga bembea kati ya miti miwili, nilale bila mtu kuniita. Narudi ~~Jumapili~~ Jumatatu. Saa sita mchana ikipita sijafika, mpigieni mlinzi wa msitu. Namba yake na njia nitakayopita nimeziandika nyuma ya karatasi hii.

Nyumba nzima, ni kitindamimba peke yake aliyeniuliza kama sitaogopa giza. Akakimbia chumbani, akaniletea tochi yake, ile anayolala nayo. Nilimkatalia, akaisukumiza begini mwenyewe.

Kwa hiyo taa ya chumbani kwake msiizime mpaka nirudi.

Mama