Walivyosafisha Makaburi ya Pisga

Njia ya Pisga,
Kaunti ya Attaway, Georgia.
11 Agosti 1991

Mpendwa dada Odessa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, aliyetuamsha leo na akili zetu timamu. Habari za Detroit? Goti lako linaendeleaje, na yule daktari bado anakunyima chumvi? Cleophus ameacha sigara kweli, au bado anajificha nazo gereji akidhani huna pua? Sisi huku hatujambo kiasi. Joto limekaza hata kuku wanashinda chini ya ngazi. Makunde yamekubali mwaka huu, na yako nimekuwekea.

Anayenikosesha usingizi ni Mama. Moyo wake umechoka, miguu imevimba, na chakula ni supu tu. Kufa haogopi. Ombi lake ni moja, kwamba siku ikifika alazwe ubavuni mwa Baba pale Pisga. Nakuambia hili kwanza, ili ujue kwa nini haya yanayofuata yameniuma hivi.

Kaunti yetu imetimiza miaka mia moja na hamsini. Chama cha historia, ambacho mwenyekiti wake ni Bi. Carolyn Thaxton, mke wa mwenye duka la mbegu, kimechapa kitabu kinene cha kaunti na wakazi wake mashuhuri. Nilikisoma maktaba nikiwa nimesimama, maana sikutaka kukikalia kitako. Kuna kanali amepewa kurasa tele, na farasi wake ana picha na jina. Sisi weusi, tuliomlimia kanali huyo pamba, tumepata nusu ukurasa, na yote ni ya Mchungaji Enoch Battle aliyetujengea shule ya kwanza. Sina neno na marehemu, alistahili kitabu kizima. Lakini ukisoma pale utadhani alifundisha madawati matupu.

Basi wakaamua kumwekea mchungaji jiwe la heshima pale alipolala, Pisga. Wewe unayajua makaburi yetu. Ardhi tunaiparura hadi udongo mtupu, tunaifagia kwa ufagio wa matawi, na juu ya kila mtu kuna kitu alichokishika siku za mwisho, kimetobolewa au kuvunjwa ili kifo kikatikie hapo kisiwarudie walio hai. Mawe ya majina hatukuwa nayo. Baba alikuwa na jagi lake la bluu na taa ya mbele ya lile lori bovu. Mama yako Jerusha, dada wa Mama, alikuwa na cherehani yake. Hivyo ndivyo tulivyojua nani ni nani.

Walikuja na trekta wakati kanisa zima tuko Macon kwenye mkutano. Wakaona takataka. Wakazoa vikombe, saa, magamba ya chaza kutoka pwani, cherehani, vyote, wakavipeleka jalalani. Wakasawazisha, wakaotesha majani. Siku niliyokwenda kufagia nilikuta mahali laini kama uwanja wa gofu, jiwe moja jeupe katikati, na watu wetu wote hawapo. Dada, niliuacha ufagio pale pale.

Na usidhani ni wazungu peke yao. Aliyewafungulia lango ni ndugu yetu Lucius, mtoto wa Mama mkubwa Delphia, mwalimu mkuu mstaafu, shemasi anayetugawia mkate wa Bwana. Jina lake limo kwenye kile kitabu, katika kamati. Nilimkuta barazani anakunywa chai ya barafu.

"Lucius, baba yangu yuko wapi?"

"Keti kwanza, Verlene. Tumepapendezesha. Wageni wanakuja kutoka Atlanta, ulitaka wakute masufuria?"

"Nimekuuliza baba yangu yuko wapi."

"Baba yako yuko na Bwana."

"Roho najua iliko, shemasi. Nauliza mifupa."

Akaanza kunieleza kwamba mambo ya kuvunja vyombo juu ya maiti ni ya kishenzi, watu wanatucheka, wakati umepita. Aliongea taratibu, kama anavyoongea na watoto wa darasa la kwanza. Niliondoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kanisani.

Jumamosi ikaja sherehe ya kaunti, pale mahakamani. Mama alialikwa kama mkazi mkongwe, akakaa mbele amevaa kofia yake ya Pasaka. Nilimkatalia kwenda, akaniambia, "Mimi sijafa bado, nivishe viatu." Ndani ya mahakama waliweka meza ya vitu vya kale, na juu ya meza, jagi la Baba. Bluu ile ile, na ufa ule ule mdomoni. Wamelichomeka maua ya plastiki.

Bi. Carolyn akamjia Mama akitabasamu. Ana umri wa kuwa binti yake, lakini humwita kwa jina tu. "Luvenia, mpenzi, si linapendeza? Hebu fikiria, tuliliokota kwenye uchafu."

"Ni la mume wangu," Mama akasema.

Bibi yule akacheka, akidhani anataniwa. "Basi mumeo alijua kuchagua."

Mama akayatoa yale maua, moja moja, akamkabidhi. "Haya ndiyo yako." Akalipakata jagi kama mtoto, akaniambia nilete gari. Hakuna aliyetuzuia. Walitupisha kama watu wanaopisha harufu.

Tulikwenda moja kwa moja Pisga. Lucius akatufuata na gari lake, jasho linamtiririka hadi kwenye tai. "Mama mdogo, unaniaibisha mbele ya wakubwa."

"Mwanangu," Mama akamwambia, "dada yangu Delphia tulimzika na bakuli lake la kukandia unga. Nipeleke nimsalimie."

Lucius akatabasamu, akaenda kwa uhakika hadi karibu na msonobari, akasimama. Akautazama mti. Akarudi nyuma kidogo. Akaenda upande wa pili wa jiwe jeupe, akarudi tena. "Bakuli lilikuwa..." akasema, asimalizie. Nilidhani nitafurahi. Wala. Nilizidi kuchukizwa, kwa kuwa niliona usoni mwake kwamba hata siku moja hakuwa amefikiri kuwa na mama yake yumo mle.

Alipotaka kujaribu tena, Mama akamwinulia mkono.

"Usikanyagekanyage, mwanangu. Hujui uko juu ya nani."

Odessa, nakuomba usingoje Jumapili ya kurudi nyumbani, ile ya kanisa kuwakusanya mlio mbali. Njoo mapema, Mama angali ana pumzi. Ulikuwepo tulipomzika mama yako na ulikuwepo tulipomzika Baba. Huenda sisi wawili tukisimama pale miguu ikatuambia. Mama amesema tukishindwa tusihangaike. Tumlaze popote kwenye majani yale, Baba atasogea mwenyewe. Anasema hivyo na kulala usingizi. Mimi imani hiyo sijaifikia. Jumapili iliyopita Lucius alipofika kwenye benchi letu na sinia la mkate, nilitazama dirishani hadi akapita. Niombee, maana najua Bwana aliona.

Nisalimie Cleophus, na Rozelle na mumewe, na yule mjukuu mwenye meno mawili. Mama anakutumia busu. Lucius naye anakusalimu. Naandika kwa kuwa aliniomba.

Bwana aibariki njia yako ya kuja, akuepushe na madereva wa Ohio, akufikishe ukiwa na afya.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye bila kupunguza,

Verlene

Nyongeza: Ukija, usilete maua. Tafuta huko nyumbani kwako kitu chochote alichowahi kukishika mama yako, hata kama ni kifungo. Usikivunje. Tutakivunja hapa.