Jina Langu Kwenye Kazi ya Mulenda

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba uninusuru kabla sijapanda gari kwenda Kibondo, maana nina usaili Jumanne tarehe 24 Novemba na mpaka sasa sijui nitaingia kwenye chumba kile kama nani.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, Muha wa Muyama, naishi Kasulu na mke wangu Evaline, mwalimu wa jiografia, mtu wa Bukoba aliyeletwa huku na serikali akanikuta bado nina nywele. Kazi yangu ni programu za kompyuta katika shirika moja linalohudumia kambi ya Nyarugusu, na nikisema hivyo usinifikirie mtaalamu wa kwenye televisheni, mimi nilianza kama karani wa ghala, kompyuta nilifundishwa kwa sababu ni mimi peke yangu ambaye sikuiogopa, na hadi leo naandika kwa vidole viwili. Sasa shirika jingine linafungua ofisi Kibondo kwa ajili ya hawa wakimbizi wanaoingia kutoka Burundi, wanatafuta meneja wa wahandisi wa programu, mtu wa kuongoza vijana wanane, nami nikaomba, na ajabu ya Mungu wakaniita.

Sifa kubwa niliyoiandika kwenye maombi ni programu yetu ya kuandikisha familia zinazopokea chakula. Kompyuta sita zinafanya kazi kambini bila mtandao, jioni zinarudishwa ofisini, programu inapatanisha taarifa zake, na kama kompyuta mbili zinabishana kuhusu familia moja, yenyewe inaamua iamini ipi. Nimeandika kwamba sehemu hiyo niliibuni na kuiandika mimi, na niliandika hivyo nikiamini kabisa.

Basi nikaanza kujiandaa, Evaline akawa mwenyekiti wa jopo pale sebuleni, na jaribio la kwanza nikaingia nikasalimia kama tunavyosalimiana kwetu, nikapiga makofi taratibu, nikasema mwakeye, nikauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, za maharage, mpaka akatazama saa akasema muda wa usaili umekwisha na mwombaji bado hajaketi. Akaniambia pia yeye hawezi kuniuliza ya kitaalamu, nitafute mtu. Nikamwita Mulenda, Mkongo, mkimbizi, baba wa watoto wawili, msaidizi wangu ofisini kwa mwaka wa tatu sasa, mtu mpole ambaye ukimsukuma anakuomba radhi. Alikuja Jumamosi mchana amevaa tai, eti jopo lisilo na tai halitishi.

Akaniuliza swali moja tu, kompyuta mbili zikibishana programu yako inaamini ipi, na kwa nini. Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema inategemea na hali. Evaline akacheka, na mimi nikacheka, Mulenda hakucheka, alishika tai yake kidogo halafu akasema polepole, "Shefu, pardon. Ile njo nilitengenezaka miye. Weye ulikuwa unagonjwa."

Mshauri, nilibisha kwamba niliitengeneza mimi. Nilibisha mpaka Evaline akaniambia nishushe sauti, mgeni hajanitukana. Jumatatu asubuhi nikawahi ofisini kufungua kumbukumbu ya programu, ile inayoonyesha kila mstari umeandikwa lini na nani, nipate ushahidi wa kumfunga mdomo. Na hapa ujue kwamba kwetu wasaidizi wanaotoka kambini hawapewi akaunti zao, tangu mwanzo wote tunaingia kwa jina langu na nywila yangu, na kwenye ripoti ninazopeleka makao makuu wao huandikwa "msaidizi", basi. Nikakuta sehemu ile yote, mistari mia nne na ushee, iko kwa jina langu, imeandikwa ndani ya siku tisa za Machi mwaka juzi. Nikafurahi sana. Halafu nikatazama tarehe. Siku tisa hizo nilikuwa nimelazwa, malaria imenipanda kichwani, dripu mkononi, namwita Evaline kwa jina la shangazi yangu. Nilikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyemwagiwa maji, sikujua hata Rabia wa mapokezi aliingia saa ngapi akaniwekea chai. Sikukusudia kudanganya, mshauri, nimelisoma jina langu pale kwa miaka miwili na nusu mpaka likanishawishi.

Evaline anasema ninyamaze, Mulenda sheria haimruhusu kuajiriwa hiyo kazi hata ikiwaje, sasa nikijivua nguo mbele ya jopo nani atafaidika. Mulenda naye amesema hana neno, niseme ni yangu, na yuko tayari kunifundisha mstari kwa mstari ili nisikwame. Kuna jambo jingine dogo, anaomba nafasi ya masomo ya chuo kwa wakimbizi na ametaka nimwandikie hati ya kueleza kazi aliyoifanya, mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa tarehe 20, nimemwambia avumilie nimalize usaili, kwa sababu naogopa karatasi mbili zinazosema mambo mawili zikakutana mezani kwa watu wanaojuana. Swali langu ni hili, niseme au ninyamaze, na nikisema nitabaki na sifa gani, maana ukiiondoa programu hiyo mimi ni karani wa ghala mwenye umri mkubwa.

Ni mimi, Shefu wa Vidole Viwili, Kasulu.

*

Shefu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale kwenye habari za maharage. Mara ya pili nilifika kwenye lile "jambo dogo" nikaiweka chini. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa barua pepe kwa sababu gazeti linatoka Jumamosi, na Jumamosi utakuwa umeshachelewa.

Usaili wako ni tarehe 24. Hati ya Mulenda mwisho ni tarehe 20. Umemwambia asubiri umalize usaili. Hebu zisome tarehe hizo kwa sauti, na Evaline awe karibu. Umeziandika mwenyewe, barua moja, halafu ukaniuliza kuhusu sifa zako. Nimekaa kwenye safu hii miaka kumi na moja, nimeandikiwa na wanaume wenye nyumba tatu na wanawake waliozika waume walio hai, lakini sijashtuka hivi. Ya Machi yalikutokea ukiwa na homa, nakusamehe, na nadhani Mulenda alishakusamehe zamani. Ya Novemba unayafanya ukiwa mzima, umekula, umelala vizuri.

Pole, lakini. Sikwambii haya kama mtu asiye na doa. Baada ya kukusoma nilimtazama Isihaka, bwana ambaye kwa miaka sita ananyoosha sentensi zangu na kuondoa upuuzi wangu kabla hamjauona, nikamuuliza kama jina lake limewahi kutokea hapa. Akasema, "Hapana, kaka, na usianze leo, watu watanipigia simu." Nimeanza leo. Najua basi jinsi mtu mwema anavyoweza kula kazi ya mwenzake bila kusikia ladha yake.

Shemeji Evaline amekosea mahali pamoja tu. Anauliza nani atafaidika, kana kwamba Mulenda anagombea kazi yako. Mulenda hataki Kibondo. Anataka karatasi moja yenye jina lake, na wewe ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuiandika, kwa sababu kwenye kumbukumbu zote yeye hayupo. Ukinyamaza, jopo halitaumia, wala wewe. Atakayekosa chuo ni mtu aliyekuja nyumbani kwako na tai kukusaidia kupata kazi.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, andika hati. Taja sehemu ile ya programu, taja siku tisa, sema iliandikwa na nani na kwamba wewe ulikuwa umelazwa. Weka muhuri wa ofisi. Usiandike "alisaidia". Alitengeneza. Mpelekee kambini kwa mkono wako, usimpe dereva.

Kesho waandikie wale wa Kibondo mistari mitano: kwenye maombi yangu kuna kosa, sehemu fulani iliandikwa na Mulenda, msaidizi wangu, mimi ni msimamizi wake tu. Usijitetee na usisimulie dripu. Wanaweza kukufutia usaili, nakwambia mapema ili usije kunilaumu. Wakikufutia utabaki Kasulu na kazi uliyonayo, na bado utaweza kumtazama mtu huyo kila asubuhi.

Wasipokufutia, kubali akufundishe mstari kwa mstari, ila ujue unafundishwa kazi yake. Na ukiingia mle ndani salimia kwa ufupi, uketi. Watakuuliza umewahi kufanya nini. Waambie ulimpata mtu kambini, ukamwachia kazi ngumu, akaifanya siku tisa bila wewe, na kwamba mtu huyo hakuogopa kukwambia ukweli mbele ya mkeo. Kisha waambie ulimwandika "msaidizi" miaka mitatu, na jinsi utakavyofanya na wale wanane. Wanatafuta wa kuongoza watu, Shefu. Wa kuandika mistari mia nne watamtafuta kwingine.

Na kama hujaanza kuiandika ile hati mpaka sasa, acha kunisoma ukaiandike. Mulenda ana siku nne.